Kesi ya Kapenguria: Tupangeje Safari?



Shule na familia nyingi zinapanga ziara ya Kapenguria likizo hii. Ombi ni moja: anzieni Kitale. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilipeleka kesi Kapenguria kwa sababu kulikuwa mbali, hakuna reli wala hoteli. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilala Kitale na kusafiri kwenda kortini kila siku. Mkipita barabara hiyo, takriban kilomita 40, mtaelewa kwa nini umbali nao ulikuwa mzigo kwa washtakiwa.

Korti ilikaa katika darasa la shule. Kesi ilianza Desemba 3, 1952. Aprili 8, 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Seli zao zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kapenguria.

Kabla ya kuondoka, ulizeni makavazi saa za kufungua na kiingilio. Dereva awe amepumzika. Bebeni maji, daftari na kalamu.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mtoto wa miaka 10 wakati ule sasa amepita miaka 80. Seli mtazikuta hata mwakani, lakini mzee huenda msimkute. Basi mtafuteni mzee kwanza, ndipo mkodishe matatu.