NANI ANAGAWA KESI?

Hotuba kwa wafanyakazi wa machimbo na watu wa mji, Kalengera



Sisi makarani wa machimbo kazi yetu ni daftari. Nanyi mnajua kwamba ugomvi hauanzi kwenye mizani. Unaanza asubuhi, wakati kapita anapogawa mashimo: hawa wapewe shimo lenye mawe mazuri, wale wapewe shimo la maji. Mkifika kwenye mizani jioni, mambo yamekwisha amuliwa.

Tribinali nayo ina asubuhi yake. Kabla avoka hajafungua kinywa, mtu fulani ameamua jalada lako liende kwa mwamuzi yupi. Siku ya hukumu tunapiga kelele. Siku ya kugawa hatupo.

Wazee wetu hawakuwa na la kuuliza. Wakati wa Wabeleji, administrata aliyesimamia kodi na kazi za barabara ndiye aliyekuwa pia mwamuzi wa tribinali ya polisi. Leo Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 19, inakataza mtu kuondolewa bila kutaka kwake mbele ya mwamuzi aliyewekewa na sheria. Neno zuri. Lakini ndani ya tribinali, rais wake ndiye anayepanga kesi hii iende kwa nani, na hapo ndipo mlango ulipo. Mwenzetu mmoja aliyevunjika mguu shimoni alidai fidia. Jalada lake likatoka kwa mwamuzi mmoja, likaenda kwa wa pili, halafu kwa wa tatu, na kila mara akaanza upya. Alipouliza sababu aliambiwa: rudi juma lijalo. Hatusemi alidhulumiwa. Tunasema hakuonyeshwa karatasi hata moja, na mtu wa namna hiyo hulala na mashaka.

Msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Kule Kenya, Oktoba 2024, Rigathi Gachagua aliondolewa na Bunge katika cheo cha Naibu Rais, akakimbilia mahakamani. Naibu Jaji Mkuu, Bibi Philomena Mwilu, akateua majaji watatu. Mawakili wa Gachagua wakauliza: ni nani mwenye haki ya kuwapanga? Katiba ya Kenya, kifungu cha 165, inamtaja Jaji Mkuu. Mei 2025 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao. Basi Jaji Mkuu, Bibi Martha Koome, akateua upya, tena majaji walewale watatu! Wengine walicheka. Sisi hatucheki: safari hii mkono uliowapanga ulikuwa ule uliotajwa na sheria.

Ujerumani wamekwenda mbele zaidi. Kabla ya mwaka kuanza, baraza la waamuzi katika kila mahakama huandika kesi za namna gani zitakwenda kwa nani, na mpango huo raia anaweza kuusoma. Mwamuzi wako amejulikana kabla ugomvi wako haujazaliwa. Hilo ndilo tunalolitaka hapa, nalo halihitaji fedha nyingi. Ukuta na karatasi vinatosha.

Mnajua wenyewe kwamba M23 walipoingia Goma, Januari 2025, tribinali za Serikali zilisimama. Majalada yatakapogawiwa tena, tuwe macho. Sheria ya 11 Aprili 2013 inakuruhusu kumkataa mwamuzi ambaye ni ndugu wa mshindani wako, au rafiki yake, au adui yako, au aliyekwisha toa maoni yake katika shauri hilo. Na tribinali ya kazi, kwa sheria ya 2002, mwamuzi hukaa na wasaidizi wawili: mmoja wa upande wa mabwana wa kazi, mmoja wa upande wa wafanyakazi. Je, huyo wa upande wetu mnamjua jina?

Wenye kesi, leteni makaratasi yenu Jumapili baada ya sala. Tutaandika katika daftari moja: tarehe kesi ilipoingia, jina la mwamuzi wa kwanza, na kila mara jalada lilipohama.