Mtoto wa Darasa la Tatu Asiyesoma, Kibaha Kwa Mathias

Msikilizaji, ukishuka Kwa Mathias, kando ya barabara ya Morogoro, umeshuka katika mji wenye sifa ya shule. Sifa hiyo ina historia. Mwaka 1963 Tanganyika iliingia mkataba na nchi za Nordiki ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Mradi uliotokana na mkataba huo ukazaa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo Serikali ilikabidhiwa mwaka 1970. Pale Tumbi, lilipo shirika hilo, kuna shule, kuna maktaba, kuna chuo cha maendeleo ya wananchi, kuna hospitali. Sekondari ya Kibaha hupokea vijana waliofaulu kwa alama za juu kutoka kila kona ya nchi. Mimi leo nataka tumzungumzie mtoto mwingine wa mji huu huu: yule aliyefika darasa la tatu na bado sentensi moja inamshinda.

Simzungumzii mtoro. Huyu anafika shule kila siku, sare imefuliwa. Ukimtuma dukani anarudisha chenji kamili. Mechi ya jana atakusimulia mwanzo mpaka mwisho, na nani alimpasia nani. Mpe kitabu, anainama, anakaa kimya.

Fungua daftari lake la imla. "Mbwa" ameandika "bwa". "Ndizi" imekuwa "dizi", "ng'ombe" imekuwa "gobe", "shamba" imebaki "saba". Amefuta na kuandika tena mpaka karatasi imetoboka. Pembeni kuna wino mwekundu: sifuri, na neno "Jitahidi". Lakini mtoto huyu amejitahidi, tundu la karatasi linasema hivyo. Na ukiyatazama makosa yake vizuri utaona hayakutawanyika ovyo. Zile sauti zinazotoka kwa pamoja, mb na nd, na zile zinazoandikwa kwa alama zaidi ya moja, ng' na sh, ndizo zinazomponyoka. Anazitamka sawasawa akiongea, ila hawezi kuzichambua moja moja ili kila moja aipe herufi zake.

Hali hii huenda ikawa ile ambayo wataalamu wanaiita disleksia. Haitokani na upungufu wa akili, uvivu wala malezi mabaya. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa na akili timamu na macho mazima, lakini kusoma kulikuwa kumemshinda kabisa. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angekuwa wa kwanza shuleni. Zimepita zaidi ya miaka 120, na bado mtaani kwetu kijana wa namna hiyo anaitwa kichwa kigumu.

Wapo wanaosema Kiswahili kinasomwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo asiyekisoma ana lake jambo. Ni kweli kwamba tahajia yetu ni nyoofu, na jambo hilo humsaidia mtoto. Lakini mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wa makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, na wakaonyesha kwamba kujifunza tahajia ya lugha nyoofu nako si kazi ndogo. Katika lugha za namna hii, mwenye disleksia mara nyingi hukosea kidogo kuliko mwenzake anayesoma Kiingereza, ila anasoma polepole mno, kwa kuburuza silabi, na akifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshamtoka. Kwa sababu hatimaye anafika, tunadhani anajua. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazifuati sauti kila mara, na huko ndiko anakopotelea.

Sasa mzazi wa Kwa Mathias aende wapi? Wengi hukimbilia tuisheni. Tuisheni inayorudia somo lile lile kwa mwendo ule ule inamchosha mtoto na kumaliza hela ya mzazi. Viboko navyo vinamfundisha kuchukia kitabu, basi.

Anza na masikio na macho. Hospitali ya Tumbi iko hapo hapo. Mtoto aliyewahi kutokwa usaha masikioni huenda hazisikii sauti zote, na asiyeona ubao vizuri atanakili anachokisia. Apimwe kwanza. Akionekana mzima, ndipo uende kwa mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu ukiwa na daftari mkononi, na uombe tatizo lake liandikwe kwenye kumbukumbu za shule. Kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalum. Kazi yake ni pamoja na kujua ni shule gani ina kitengo cha elimu maalum na wapi yupo mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kama wale wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Mzazi wa Kiluvya ambaye mtoto wake anasoma upande wa Kisarawe asihangaishwe na mpaka: ofisi yake ya elimu iko Kisarawe mjini, hata kama Kibaha ndiyo jirani.

Nyumbani nako kuna kazi, na haihitaji fedha. Bibi zetu wa Pwani walikuwa na mchezo wa kinyume, ule wa kugeuza silabi: nyumba inakuwa mbanyu, kaka anabaki kaka na watoto wanacheka. Mchezo ule unamzoesha mtoto kukata neno vipande kwa sikio, na hicho ndicho kinachomshinda mwenye disleksia. Chezeni jioni mkichambua mchicha. Mwambie aseme "mbuzi" bila sauti ya kwanza. Mwache achore herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka. Dakika 15 kila siku zinamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Na umsomee kwa sauti vitabu vya umri wake, ili ujuzi wake wa mambo usisubiri macho yake yajifunze.

Lakini nyumbani peke yake hakutoshi, na hapa nina neno na wenye mamlaka. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni utaratibu mwema. Ila taarifa za mitihani zikisomwa, ninaowasikia wakitajwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wenye ulemavu wa viungo. Anayesoma kwa kuburuza simsikii. Anakaa chumba kimoja na wenzake, saa ile ile, na kengele ikilia yuko swali la kumi na mbili. Majibu ya maswali yaliyobaki anayo kichwani, hajayafikia. Huyo naye aingie kwenye orodha.

Na madiwani wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na darasa la pili lina upimaji wake. Maana yake majina ya watoto wanaokwama yanajulikana mapema, shule kwa shule. Yanakusanywa, yanajumlishwa, kisha yanakaa kwenye faili wakati watoto wenyewe wanapandishwa darasa. Naomba kila kata iwe na mwalimu mmoja aliyefunzwa kuwasaidia watoto hao, mwenye ratiba ya kuzunguka shule za kata yake, na nauli yake iwe kwenye bajeti. Bajeti ya halmashauri hupita mikononi mwa madiwani kila mwaka. Mzazi wa Kwa Mathias, diwani wako unamfahamu na nyumba yake unaijua. Mpelekee lile daftari la imla kabla hajaenda kwenye kikao.