ASILI YA UGOMVI WA MAJIRANI KIBERA
Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo hutajwa mara nyingi katika mikutano yetu na kuachwa njiani: kwa nini majirani wa Kibera, Wanubi na sisi tuliotoka mashambani, huishi miaka mingi kwa wema, kisha siku moja hugeukiana. Wengine husema ni kabila, wengine dini. Sisi twaona ya kwamba mzizi wake ni ardhi isiyo na hati.

Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumika katika jeshi la Waingereza, KAR. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliruhusiwa kukaa kando ya mji wa Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza eka 4,197 za hapo kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyemaliza kazi alipewa pasi ya shamba. Hati ya kumiliki hakupewa. Mwaka 1928 ardhi hiyo ilitoka mikononi mwa jeshi, na Tume ya Carter, katika taarifa yake ya mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali tu. Watu waliodhani wametuzwa wakajikuta wageni katika nyumba walizojenga wenyewe.

Sisi nasi tulikuja kwa njia nyingine. Mji ulihitaji mikono yetu, bali haukutujengea nyumba za kututosha. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 tuliongezeka sana, tukapanga vyumba kwa Wanubi. Baadaye watu wa makabila mengine nao walijenga kwa ruhusa ya maofisa, ruhusa ambayo haikuwa hati. Wakati huo huo sehemu ya zile eka ilichukuliwa ikajengwa mitaa kama Jamhuri na Langata. Watu wakazidi, nafasi ikapungua.

Basi mwenye nyumba husema, "Babu yangu alipewa hapa kwa utumishi wake." Mpangaji hujibu, "Ardhi ni ya Serikali. Kodi hii ni ya nini?" Kila mmoja ameshika kipande cha kweli, na wote wawili hulala kwa hofu ya kuondolewa. Mwishoni mwa mwaka 2001, wakuu walipotamka ya kwamba kodi zipunguzwe, maneno hayo mawili yaligongana. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Mwaka 2017 Serikali iliwapa Wanubi hati ya pamoja ya eka 288. Haki hiyo ilikawia karibu miaka mia moja, na eka hizo hazifikii hata sehemu moja katika kumi ya zile za kwanza. Hata hivyo, wapo wapangaji walioiogopa hati hiyo, kwa kuwa wao hawana karatasi yo yote.

Sasa, wazee wetu, tujitazame. Chama hiki kimezika wafu wetu na kusomesha yatima wetu, nasi twajivunia hayo. Lakini kimetuzoeza pia kuhesabu watu wa kwetu tu. Jirani Mnubi akifiwa, hatumchangii. Naye hajui kamwe tunapokutana. Siku ya fitina twaonana kama majeshi mawili, hali mkosaji wa kwanza ni yule aliyegawa ardhi bila kuandika.

Kwa hiyo twaiomba Kamati mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama apatane kodi kwa maandishi na apewe stakabadhi. Pili, wazee wetu na wazee wa Wanubi wakae pamoja kila miezi mitatu, kabla ya ugomvi, si baada yake. Tatu, katika mfuko wa mazishi litengwe fungu la jirani, awe wa kabila lo lote. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Usiku nyumba inapowaka, ndugu zetu wa mashambani hawatasikia ukelele wetu, ila yule wa mlango wa pili.