Kutia Waya Mpya katika Gari Kuukuu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuwaeleze jinsi tulivyotengeneza stima ya ile Land Rover kuukuu inayotuchukua kwenda kazini. Mnakumbuka ilishika moto usiku, na ndugu yetu dereva akaambiwa hasara itakatwa katika mshahara wake.

Tulipoifungua tuliona ukweli. Waya zake ni za zamani, zimevikwa mpira na juu yake kitambaa cha pamba. Mpira umekauka na kuvunjika kama mkate wa juzi, na waya ya taa kubwa imegusa bati mahali inapopita katika tundu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, ondoa betri, lakini tazama upande gani umefungwa katika bodi. Land Rover zilizoundwa kabla ya 1967 zilifungwa upande wa jumlisha (+). Ukigeuza bila kujua, redio ya transista itaungua.

Pili, usitoe waya zote kwa pamoja. Toa moja, ipime, tia mpya, ijaribu, ndipo uende kwa nyingine. Fuata rangi zile zile: nyeusi ni ya kwenda katika bodi, kahawia yatoka katika betri, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia injini, buluu ni ya taa kubwa. Fundi atakayekuja baada yako atakushukuru.

Tatu, fanya hesabu. Taa mbili za wati 60 ni wati 120. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 10. Sisi tulitia fyuzi ya 15, na waya inayoweza kuchukua zaidi ya hapo. Fyuzi iwe dhaifu kuliko waya, maana kazi yake ni kufa kwanza.

Nne, kila tundu la bati litiwe pete ya mpira. Tena pale waya inapofungwa katika bodi, kwangua rangi na kutu mpaka ing'ae. Taa nyingi hufifia kwa sababu ya hapo tu.

Ndugu, hatutaficha neno. Gari lile lilikuwa na fyuzi mbili tu, na mahali pa moja tulikuta msumari. Msumari huo ni wetu sisi, tuliutia ili tufike nyumbani. Ni kosa, na tuliache tangu leo. Lakini moto haukuanza hapo. Ulianza katika waya ya taa kubwa, ambayo tangu kiwandani haikupita katika fyuzi yo yote.

Kipande cha waya ile hiki hapa. Twamwomba Katibu akiweke juu ya meza ya wakubwa, awaulize: dereva alipe uzee wa mpira?