Kila Mtoto Apate Kupiga

Msikilizaji, ukipita kando ya uwanja wa shule ya msingi hapa Kenya ukute darasa linacheza raundas, usimtazame anayepiga. Mtafute mtoto wa mwisho kabisa, yule aliyewekwa kule karibu na ua. Mpira haujamfikia tangu kipindi kianze. Ameng'oa nyasi, amezisokota kidoleni, sasa anachungulia barabarani kupitia mwanya wa ua. Huyo ndiye ninayemtetea jioni ya leo.

Tupige hesabu. Kipindi katika madarasa ya juu ya msingi ni dakika 35. Toa muda wa kutoka darasani, kujipanga, kunyoosha viungo na kurudi. Zimebaki kama 25. Darasa lina watoto 48, gongo ni moja na mpira ni mmoja. Hata zamu zingefuatana bila kupoteza sekunde, kila mtoto angepata nusu dakika ya kupiga. Na sekunde hupotea, maana mpira huingia vichakani.

Silaumu raundas yenyewe. Ni mchezo wa zamani wa Waingereza. William Clarke aliueleza mwaka 1828 katika kitabu chake cha michezo ya wavulana. Sheria za leo haziruhusu zaidi ya wachezaji 9 uwanjani kwa kila timu. Sisi hulikata darasa vipande viwili, 24 kwa 24, na hapo sheria ya kutolewa inageuka kuwa adhabu. Ukidakwa, unakaa hadi timu yako imalize. Na anayedakwa mapema ni nani kama si yule ambaye bado hajajua kupiga? Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa chini kwanza, na hodari anaendelea kunolewa.

Kriketi ya watoto kule Uingereza ililitatua jambo hili kwa kuwapanga wachezaji jozi jozi. Kila jozi inapewa idadi yake ya mipira. Mmoja wao akitolewa, alama zinapunguzwa, lakini habanduki, anaendelea kupiga. Mimi naona huo ndio utaratibu wa kuuleta katika viwanja vyetu.

Gawa watoto 48 katika makundi 6 ya watoto 8. Kila kundi lina jozi 4. Jozi moja inapiga, na wale 6 waliobaki wanafanya kazi: mmoja anarusha, mmoja anadaka nyuma ya mpigaji, wanne wanatandaa mbele. Weka mawe mawili, hatua kama nane kati yake. Mpira ukipigwa, mpigaji na mwenzake wanakimbia kubadilishana mawe. Kila wakibadilishana ni alama moja. Wakidakwa, au mlinzi akiwahi kugusa jiwe kwa mpira kabla hawajafika, wanapoteza mbili. Mipira 12 kwa jozi, sita kwa kila mtoto, haizidi dakika nne. Jozi zote zinapiga na muda unabaki.

Wengi wataogopa makundi sita yakipiga mipira kwa pamoja, na wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo wapigaji wote wawekwe katikati ya uwanja, wakipeana migongo kwa umbali wa kutosha, kila mmoja akipiga kuelekea nje. Mpira uwe wa tenisi, au wa soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa na kufungwa kwa kamba. Ule mgumu wa ngozi ukae stoo. Na gongo lisirushwe nyuma. Mpigaji akimbie nalo mkononi, kama sheria za raundas zinavyotaka.

Lakini faida kubwa naiona kwa walinzi. Katika kundi la watoto 8 hakuna pa kujificha. Mpira wa soksi haudundi sana, kwa hiyo unakuja chini chini, na mtoto anajifunza kupiga goti, kuweka viganja viwili pamoja, kisha kunyanyuka na kumtupia mwenzake bila kusita. Lazima pia aamue: nimtupie aliye karibu na jiwe hili, au lile? Uamuzi wa namna hiyo aliyeachwa pembeni ya ua halazimiki kuufanya.

Hata wakubwa wa besiboli duniani wameelekea huko. Baseball5 huchezwa na watu 5 kwa timu, wavulana na wasichana pamoja, bila gongo wala glovu. Mpira wa raba hupigwa kwa mkono, katika uwanja wa mita 18 kwa 18. Mchezo huo umewekwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, mwaka 2026. Shule isiyo na gongo hata moja inaweza kuanzia hapo.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kipindi kimoja hakifikishi hapo, na mara nyingi chenyewe huliwa na hesabu mitihani inapokaribia. Ndiyo maana kile kinachobaki kinaniuma kikipotea kwa kusimama.

Mwalimu anayetaka kuanza wiki hii asigawe darasa zima siku ya kwanza. Aite watoto 8, awachezeshe dakika tano wengine wakiwatazama, kisha awatume sita kati yao, kila mmoja akaongoze kundi. Kundi likikosa kiongozi halitakosa la kubishania: nani amefika kwenye jiwe kwanza.