Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuujua Mji Wetu wa Dar es Salaam

(Hotuba iliyosomwa ukumbini katika mkesha wa maadhimisho ya hekalu letu)



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tuliombwa tuzungumze juu ya mji wetu, kwa kuwa juu ya hekalu watazungumza walio na elimu kutuzidi. Tulikubali upesi, tukidhani kazi ni nyepesi. Ni nani asiyeujua mji aliozaliwa? Lakini tulipoketi kuandika, tuliona aibu. Tuliyokuwa tukiyajua ni njia ya kwenda kazini, njia ya kwenda sokoni, na njia ya kuja hapa hekaluni. Kisa cha kuigundua aibu hiyo ndicho tunachotaka kuwasimulia jioni hii.

Mwaka jana tulipokea wageni kutoka Leicester, Uingereza. Walikuwa vijana watatu, wajukuu wa jamaa zetu waliohama hapa miaka ya 1970. Walikuja na maswali matatu. Kwanza, jengo lipi ni kongwe kuliko yote mjini? Pili, babu zao walilala wapi usiku wa kwanza waliposhuka melini? Tatu, katika miaka ile, watu waliburudika wapi jua likishatua? Tulitazamana. Tukawapeleka katika jumba la maduka lenye viyoyozi, tukawalisha vizuri, na siku ya pili tukawakatia tiketi za boti ya Unguja ili wakaone historia huko, kana kwamba huku kwetu hakuna. Baadaye ndipo tulipojua kwamba walipokuwa wamepanga foleni ya boti, walikuwa wamelipa mgongo jengo lile lile waliloliulizia.

Waliporudi kwao, tuliazimia kujifunza. Kwa Jumapili tatu mfululizo tulitembea kwa miguu, wazee na vijana pamoja, asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

Jumapili ya kwanza tulianzia bandarini, kwenye Boma la Kale. Jengo hili lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyeamua kuanzisha mji mpya karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima na kuuita Dar es Salaam, yaani makao ya amani. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake umechongwa kwa mtindo wa Unguja. Tulipoambiwa kazi yake ya kwanza, tulinyamaza kidogo. Jumba la Sultani lilikuwa jirani; Boma lilijengwa ili wageni wake wapate mahali pa kulala. Basi jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia katika mji wetu ni nyumba ya wageni. Kabla mji huu haujawa na mahakama, kanisa kuu au stesheni ya reli, ulikwisha kumtandikia mgeni kitanda.

Sayyid Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukadorora mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Tuliyapita majengo ya zama zile: kanisa la Kilutheri la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, na hospitali ya Ocean Road, ambako tabibu maarufu Robert Koch aliwahi kufanya utafiti wake. Tuliishia kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa zamani na sanamu ya Gavana Wissmann. Kijana mmoja wetu, anayepita hapo kila siku kwenda kazini, alikiri kwamba hajapata kuyasoma maandishi yake. Yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yanawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ya wapagazi hao ndiyo iliyokipa kitongoji cha Kariakoo jina lake, kwa jinsi wenyeji walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi hicho. Tumenunua vitambaa na vikolezo Kariakoo maisha yetu yote. Siku hiyo tu ndipo tulipojua kwamba tunapotaja jina la soko tunawataja watu waliobeba vita vya wengine mabegani mwao.

Jumapili ya pili tuliitenga kwa ajili ya hoteli. Katika Kiswahili chetu neno hili lina maana mbili: mahali pa kulala, na mahali pa kula. Ya kwanza tunawaachia wageni. Ya pili ndiyo yetu wenyeji. Lakini hata hizo za kulala zina habari za kumfaa mwenyeji. Katika zama za Wajerumani palikuwa na hoteli iliyoitwa Kaiserhof, karibu na kanisa la Azania Front. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 jina hilo halikuweza kubaki, na hoteli ikaja kuitwa New Africa. Jengo lililopo sasa ni jipya, lakini jina limedumu. Mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa, ilifunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro ikiitazama bandari, na wazee wetu wanakumbuka jinsi watu walivyosimama barabarani kuihesabu ghorofa kwa ghorofa. Siku hizi ina jina jingine. Tuliingia, tukaagiza chai, tukaketi tukiyatazama maji. Mzee mmoja wa miaka 79 alituambia kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuvuka mlango ule. Hakuna aliyemkataza. Aliona tu kwamba si mahali pake.

Hapo ndipo tulipomuuliza lile swali la pili la wageni wetu: babu zetu walilala wapi? Alicheka. Alisema hoteli zile za zamani zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mtu aliyetoka Gujarat au Kutch alishuka melini na sanduku lake la bati, akatafuta duka la mtu wa kijiji chake, akalala juu ya mkeka nyuma ya magunia mpaka apate kazi ya ukarani, ya ufundi, au ya kuuza duka la mwingine. Chai aliipata kwa jirani, na chakula kilitoka katika jiko la mama mmoja aliyewapikia wote. Katika mitaa ya Kisutu bado zipo hoteli za maana ya pili, zenye dengu, chapati na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na iliki, ambako karani, fundi na mbeba mizigo huketi meza moja. Tulikula hapo mchana. Tuliona kwamba ukarimu ule wa nyuma ya magunia haujatoweka. Umehamia mezani tu.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya burudani. Tulimwomba bibi mmoja wa jumuiya yetu atuongoze. Tulimkuta ametutangulia, amesimama kwenye kivuli mbele ya jengo lililokuwa sinema na ambalo sasa ni maduka.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mmechelewa, filamu imekwisha anza.”

Kwa saa nzima alitutajia majina kama mtu anayehesabu shanga: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Chox, Cameo, na Amana kule Ilala. Alieleza jinsi Jumapili familia nzima zilivyovaa nguo zao bora, jinsi tambuu na karanga zilivyouzwa mlangoni, na jinsi filamu ya Awara ya Raj Kapoor ilivyowaliza watu wasiojua neno moja la Kihindi. Alisema ndani ya ukumbi, taa zikizimwa, Mswahili, Mhindi, Mwarabu na Mgoa walilia mahali pamoja na kucheka mahali pamoja. Kisha, mwaka 1966, ikafunguliwa sinema ya magari kule Msasani, ambako watu walitazama filamu chini ya nyota wakila kachori ndani ya gari. Leo mahali hapo pana ubalozi wa Marekani. Tulimwuliza sinema zilikufa lini. Alijibu kwamba hazikufa siku moja. Kwanza zilikuja kanda za video, kisha mwaka 1994 televisheni ikafika Bara, na kila nyumba ikajifungia na picha yake.

Hatukutaka kuondoka na huzuni, naye alituona. Akatukumbusha kwamba burudani ya mji haikuwa sinema peke yake. Muziki wa dansi wa NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na wa Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ulisikika mpaka kwenye roshani za Kisutu. Na jioni ya Jumapili, ufukweni, bado tunaweza kula muhogo wa kukaanga na kutazama meli zikingoja zamu, bila kulipa kiingilio.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapo, na hotuba hii ingekuwa tamu. Lakini yapo machungu, nayo ni sehemu ya historia.

Wengi wenu mnaikumbuka nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa mtaa wa pili kutoka hapa, yenye roshani ya mbao na mwaka uliochongwa juu ya paa. Katika chumba chake cha juu, cha kupanga, waasisi wetu walikusanyika kwa sala kabla hekalu hili halijajengwa. Mwezi wa Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na nyumba ile ilikuwa miongoni mwake. Mwenye nyumba alihama nchi. Wapo kati yetu ambao kwa miaka mingi hawakupenda kupita mtaa ule. Na wapo waliopata pale, kwa kodi nafuu, chumba chao cha kwanza katikati ya mji. Yote mawili ni kweli, na hatuoni sababu ya kuficha moja ili kulipamba jingine.

Katika matembezi yetu tuliongozana na mzee aliyezaliwa katika nyumba ile. Tulidhani atatuonyesha vyumba. Tulikuta uzio wa mabati na shimo la msingi wa jengo refu. Sasa ndipo tulipotambua kwamba lile vumbi lililoingia uani mwa hekalu miezi iliyotangulia, ambalo tulilifagia kila asubuhi tukilalamika, lilikuwa vumbi la chumba chetu cha kwanza. Tulilifagia bila kuuliza linatoka wapi.

Mama mmoja muuza chai, aliyekuwa ameketi kando ya uzio, alimtazama mzee, akamsogezea kiti. Alisema alipanga katika nyumba ile miaka 31. Mzee akamwuliza kama ile ngazi ya nyuma iliendelea kulia kwenye daraja la tano. “La tano na la tisa, baba,” alijibu. Wakaanza kusaidiana: huyu akitaja bomba lililovuja, yule akitaja dirisha lisilofungika, mpaka chumba kwa chumba nyumba ikasimama tena kati yao. Sisi tulisimama tukiwasikiliza. Mmoja alidhani amenyang’anywa nyumba ile, na mwingine alidhani ameikuta haina mwenyewe. Kumbe wote wawili walikuwa wenyeji wake, na wote wawili walikuwa wamefiwa.

Tuliporudi tulitafuta picha ya nyumba hiyo. Katika makabati ya hekalu hapakuwa na hata moja. Mwishowe tuliipata katika albamu ya arusi ya mwaka 1968: bwana na bibi arusi wako mbele, na nyuma ya bega la bibi arusi inaonekana nusu ya roshani na tarakimu mbili za mwaka. Hiyo ndiyo kumbukumbu yote tuliyo nayo.

Kwa hiyo tunamaliza kwa maombi matatu. La kwanza: kila familia itenge Jumapili moja iutembee mji huu kwa miguu, na watoto wapelekwe Makumbusho ya Taifa na Boma la Kale kabla ya kupelekwa ng’ambo. La pili: kijana aketi na mzee mmoja, wa jumuiya yetu au wa jirani, aandike anayoyasikia, kwa kuwa muuza chai wetu anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. La tatu ni jepesi zaidi: mkifika nyumbani leo, fungueni albamu zenu. Msimtazame bibi arusi. Tazameni nyuma yake. Nyumba zilizo nyuma yake ndizo mji, na nyingi hazipo tena. Tuleteeni nakala, tuziweke pamoja hapa hekaluni, mahali ambapo mtu yeyote wa mji huu ataweza kuja kuziona.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana watatu walikuja na maswali matatu, nao wakatuponya ugonjwa ambao hatukujua tunao. Tumewaandikia majibu yao. Wamejibu kwamba watakuja tena, na safari hii hatutawakatia tiketi ya boti kabla hatujavuka nao barabara.

Tunawatakia nyote maadhimisho yenye heri.