Pikipiki ya Kwanza: Mnunuzi na Afumbue Macho

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya vijana wa bodaboda, wazazi na viongozi wa vijiji, nchini Uganda



Najua kwamba saa moja ya mwendesha bodaboda ni chakula cha jioni cha watoto wake, kwa hiyo sitawapotezea wakati. Sikuja kuwasomea orodha ya makosa na faini. Nimekuja kwa jambo moja tu: namna kijana anavyoweza kununua pikipiki yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika, bila kununua kesi pamoja nayo; na namna ya kuiweka tayari ili isimwue yeye wala abiria wake.

Huenda mtu akauliza, polisi ana kazi gani na mambo ya soko? Nitamjibu kwa kisa. Kijana mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, aliendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa miaka miwili. Kila jioni alipeleka hesabu ya mwenye chombo, na kilichobaki akakiweka katika chama cha kuweka akiba. Mama yake akauza ng'ombe ili kumwongezea. Akampata muuzaji mwenye maneno matamu, Jumapili, kando ya barabara. Bei ilikuwa nafuu. Logibuku, akaambiwa, iko nyumbani kijijini, italetwa Jumatatu. Jumatatu ile haijafika mpaka leo.

Baada ya wiki tatu askari walimsimamisha na kusoma nambari ya fremu. Ilikuwa pikipiki ya mwendesha bodaboda aliyepigwa chuma kichwani usiku na abiria wake mwenyewe, akafa, akaacha mjane na watoto. Kijana wetu hakuwa amempiga mtu. Lakini mali ya marehemu ilikutwa mikononi mwake, na ilimbidi aeleze, siku baada ya siku, jinsi ilivyofika hapo. Mwishowe ilionekana kuwa alidanganywa, akawa shahidi. Pikipiki ilirudi kwa mjane, kama ilivyokuwa haki. Fedha hazikuonekana tena. Mimi ndiye niliyemweleza mama yake kwamba thamani ya ng'ombe wake imekwenda. Hakulia. Aliniuliza tu: "Afande, mbona hakuna aliyemwambia mwanangu mapema?" Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Ndugu zangu, mwizi hali pikipiki. Anaiba, na wakati mwingine anaua, kwa sababu anajua kwamba mnunuzi asiyeuliza maswali yupo. Kila anayenunua bila kuuliza anamlipa mwuaji mshahara, hata kama hajui. Na mwenzenu atakayepigwa usiku wa kesho ni wa steji kama hii.

Basi, kabla ya kuutazama mwili wa pikipiki, tazama nasaba yake. Nambari ya fremu imegongwa kwenye shingo ya chombo, chini ya usukani. Nambari ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe. Zote mbili zisomwe polepole, herufi kwa herufi, zikilinganishwa na logibuku na kibati cha usajili. Ukiona nambari imekwaruzwa kwa tupa, au haikukaa katika mstari, au rangi mpya imepakwa mahali hapo tu, shukuru na uondoke. Usibishane na muuzaji.

Kisha jina. Jina lililo katika logibuku na jina lililo katika kitambulisho cha taifa liwe la mtu anayesimama mbele yako. Akisema anamuuzia kaka yake, mwambie kwa adabu kwamba ungependa kumwona kaka. Na kama logibuku iko kwa mkopeshaji, kwa maana pikipiki nyingi za bodaboda hununuliwa kwa mkopo, fahamu kwamba deni hilo halifutiki kwa sababu wewe umelipa. Nendeni pamoja mpaka kwa mkopeshaji, deni likamilishwe mbele ya macho yako, na barua ya kumaliza deni itolewe. Ahadi ya barabarani haitoshi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni mapatano mbele ya Mwenyekiti wa LC1 na mashahidi wawili. Yawemo majina kamili, nambari za vitambulisho na za simu, nambari ya usajili, ya fremu na ya injini, bei, na tarehe. Malipo yapitie benki au simu, ili yaache alama. Halafu, na hapa ndipo wengi hulala, peleka maombi ya kubadilisha umiliki mara moja. Pikipiki iliyo katika jina la mwingine, ikiibwa utashindwa kuthibitisha kuwa ni yako. Nayo ikimgonga mtu, polisi watakwenda kumgongea mlango mtu asiyehusika. Bima ya kumlinda mtu wa tatu nayo ni lazima kisheria. Usiihesabu kama kodi ya kumridhisha askari: ni matibabu ya mtoto wa jirani utakayemgonga bila kukusudia.

Ukiwa na shaka, njoo kituoni na nambari zako kabla ya kulipa. Hapa nakiri jambo. Wengi wenu mnaogopa mlango wa kituo, na woga huo haukuzuka bure. Sisi polisi tuna sehemu yetu ya lawama. Lakini kuuliza si ujinga, wala si kosa. Akikupokea askari kwa ukali, au akitaka kitu nje ya utaratibu, uliza mkuu wa kituo yuko wapi, ukamweleze. Afadhali aibu ya dakika tano kuliko mwezi mmoja wa kujitetea.

Karatasi zikiwa safi, sasa tuutazame mwili. Nenda mchana, pasipo mvua, pamoja na fundi uliyemchagua wewe, asiwe wa muuzaji. Kwanza gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini. Injini mbovu ikishapashwa moto huficha maradhi mengi. Iwake mbele yako ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: pistoni na ringi zake, au mipira ya valvu, vimechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mara nyingi ni kabureta au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na hilo si ghali kulitengeneza. Mvuke mweupe mwepesi wakati wa baridi ya asubuhi, unaotoweka baada ya dakika chache, si ugonjwa. Lakini mgongo mzito unaotoka chini ya injini ni dalili ya gharama kubwa. Chomoa kijiti cha oili pia, ama kifuniko chake: oili ikimetameta chembe za chuma, injini inajila yenyewe.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani, ugeuze usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimelika, na usukani huo utakusaliti kwenye kona. Shika gurudumu la nyuma, ulitikise upande kwa upande. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Chunguza shokapu za mbele kama zinavuja oili. Vuta mnyororo kwa nyuma, pale unapozunguka sproketi kubwa: ukiinuka mpaka nusu ya jino kuonekana, umekwisha, na meno yaliyochongoka na kupinda kama miiba yatakuwa yamekwisha pamoja nao. Mwisho simama nyuma hatua tano, utazame magurudumu mawili kama yako katika mstari mmoja. Ulehemu mpya karibu na shingo ya fremu una habari ya ajali ambayo hukuambiwa.

Usikasirike ukikuta kasoro. Chombo kilichotumika hakikosi kasoro. Jumlisha gharama ya kila tengenezo, uiongeze kwenye bei anayotaja muuzaji. Jumla hiyo ndiyo bei halisi, nayo ndiyo silaha yako ya kupatana.

Umeshainunua. Usimpakie abiria leo. Ipe pikipiki siku moja ya matengenezo. Badilisha oili ya injini, kwa sababu hujui iliyomo ina umri gani. Injini ndogo za bodaboda huchukua takribani lita 1 tu, na lita hiyo ndiyo uhai wa injini nzima. Safisha kichujio cha hewa, kwa maana vumbi la barabara zetu za murramu ni msasa unaosaga pistoni. Fungua plagi uisome: rangi ya kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, nyeupe kama chokaa ni petroli pungufu na joto kali.

Mnyororo usikazwe kama uzi wa gitaa wala usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Katika pikipiki nyingi ndogo, katikati yake uchezee kati ya milimita 20 na 30; kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine, kifuateni hicho. Zungusha gurudumu na kupima mahali kadhaa, kisha hakikisha alama za pande mbili za ekseli ziko sawa, usije ukaweka gurudumu upogo. Legeza au kaza waya wa klachi mpaka kishikio kiwe na mchezo mdogo kabla ya kuvuta. Breki zishike mapema, bila kusugua wakati hujazigusa. Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, na uongezwe unapobeba abiria, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Rudisha vioo vya pembeni mlivyozoea kuving'oa. Taa ya mbele imulike barabara, isiwapofushe wanaokuja.

Na nawaomba, msirefushe kiti ili kupakia watu watatu. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi; usukani hauelekezi sawasawa na breki ya mbele haishiki, hasa mkipanda kilima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hujengwa hospitali. Helmeti iwe sehemu ya bei ya pikipiki tangu siku ya kwanza, yako na ya abiria, nayo ifungwe kidevuni. Helmeti nzuri hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 70. Ile iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi chochote.

Kabla sijamaliza, niwape zoezi. Huko Uingereza upo mchezo wa pikipiki ambao hauhusu mbio za kasi. Mojawapo ya mashindano yake ya kale, Scott Trial ya Yorkshire, yalianza mwaka 1914. Waendeshaji hupita juu ya mawe, matope na vijito kwa mwendo wa mtu anayetembea, nao huhesabiwa makosa: kugusa chini kwa mguu mara moja ni alama 1, kuanguka ni alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Nimeupenda mchezo huo kwa sababu unafundisha ukweli ambao vijana hawapendi kuusikia: kwenda kasi kila mtu anaweza, kwenda polepole bila kuyumba ndiko kunakodhihirisha mwendeshaji.

Tafuteni uwanja mtupu. Weka gia ya kwanza, klachi ishike nusu, breki ya nyuma iguswe kidogo, macho yatazame mbele unakokwenda na si kwenye gurudumu. Pita katikati ya mawe mawili, zunguka duara, bila kuweka mguu chini. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja. Baadaye, mtoto akikatiza mbele yako sokoni, au barabara ikiteleza baada ya mvua, mikono yako itajua la kufanya kabla ya akili kuogopa.

Vijana wangu, jina bodaboda lilizaliwa mpakani, Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Watu walipanda kwa sababu walimwamini aliyeshika usukani. Uaminifu huo ndio urithi wenu, nao huanzia siku ile unapokataa pikipiki ya bei nafuu isiyo na karatasi. Ukiiona inauzwa, piga 999 au 112, ama mwone mwenyekiti wa steji. Huenda ukawa umeokoa uhai wa mwenzako ambaye hutamjua kamwe, na ng'ombe wa mama mmoja akabaki zizini.

 Kwa Mungu na nchi yangu.